Onyesho la dubu la Magic Kingdom: kilichobadilika na viti vya kuchagua

Ndugu, umeuliza kama onyesho la dubu wa mitambo pale Magic Kingdom, bustani ya burudani ya Disney huko Florida, limebaki lile lile baada ya ukarabati, na familia ikae viti vipi ukumbini. Dubu waimbaji ni wale wale: Henry, Trixie, Teddi Barra, Big Al. Toleo la kwanza lilianza Oktoba 1, 1971, likafungwa Januari 2024, na toleo jipya, Country Bear Musical Jamboree, likafunguliwa Julai 17 mwaka huo. Kilichobadilika hasa ni mavazi na nyimbo. Sasa dubu wanaimba nyimbo za filamu za Disney kwa mtindo wa kantri, na wanamuziki wa Nashville walishiriki kuzirekodi. Aliyezikariri zile za zamani atazikosa, na ana haki ya kuumia.

Kuhusu viti, msikimbilie safu ya mbele. Teddi Barra hushuka na bembea kutoka darini, na vichwa vya wanyama wanaozungumza, Buff, Max na Melvin, vimetundikwa ukutani pembeni. Aliye mbele kabisa huumia shingo na bado humkosa mmoja. Safu za katikati ndizo bora. Shida ni kwamba anayeingia kwanza huombwa asogee hadi mwisho wa safu, kwa hiyo milango ikifunguliwa waacheni watu kadhaa watangulie, ndipo muingie.

Mkitamani nyimbo za asili, Tokyo Disneyland, bustani ya Disney huko Japani, wamelihifadhi onyesho la zamani. Ila kagueni ratiba kwanza: kiangazi na Krismasi huweka matoleo ya msimu badala yake.