Hati zikirudishwa na masjala, tarehe ya kwanza bado inahesabika?

Swali: Niliwasilisha hati ya madai na hati ya kiapo siku chache kabla ya muda wa ukomo, yaani muda wa mwisho wa kufungua madai, kwisha. Wiki iliyofuata masjala ya mahakama ilinirudishia nyaraka zote, kwa kuwa kiambatisho kimoja hakikuwemo na aya moja ya kiapo ilikuwa na tarehe isiyo sahihi. Je, naweza kubadilisha ukurasa huo tu na kuziwasilisha tena? Na nitahesabiwa tarehe ipi?

Jibu: Naanza na kiapo, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapojiharibia. Kiapo hakitiwi kiraka. Ukishaapa mbele ya ofisa mwenye mamlaka ya kuapisha, maneno yaliyomo ni ushahidi wako kama yalivyosomeka siku ile, na kuchomeka ukurasa mpya juu ya saini na mhuri wa zamani ni kudai kwamba uliapia jambo ambalo hukuliapia. Wakili wa upande wa pili hahitaji darubini kuligundua: matundu ya pini hayalingani, au wino wa ukurasa mmoja umekolea kuliko wa kurasa nyingine. Andaa kiapo kipya, uape upya, nacho kibebe tarehe ya siku hiyo hiyo unayoapa. Kiambatisho ni jambo jepesi, mradi kitajwe ndani ya kiapo na kiwekewe alama ileile.

Kuhusu tarehe, tazama ukurasa wa kwanza wa nakala uliyorudishiwa. Ikiwa una mhuri wa kupokelewa na nambari ya shauri, na unayo stakabadhi ya ada, kanuni za mahakama nyingi huruhusu kasoro ya namna hii irekebishwe bila kupoteza tarehe ya awali, ilimradi uzirudishe ndani ya siku ulizopewa. Ikiwa zilikataliwa kabla ya kusajiliwa, kwa kawaida huhesabiwa kuwa hazijawahi kuwasilishwa, na tarehe yako itakuwa ile ya mara ya pili. Kwa hiyo usitupe nakala ya kwanza, hata kama imechorwachorwa kwa kalamu nyekundu.

Ikiwa ukomo umekwisha kupita, usiziwasilishe kimyakimya ukitumaini hakuna atakayehesabu siku. Mwone wakili kwanza: muda uliowekwa na kanuni za mahakama huweza kuongezwa kwa maombi yenye sababu za kutosha, lakini ukomo wa kufungua madai uliowekwa na sheria yenyewe ni mgumu zaidi, na katika baadhi ya nchi jaji hana uwezo wa kuurefusha.