Mulineti na fimbo ya kuvulia aliyoacha babu: bei yake tunaipimaje?

Ndugu yangu, umeuliza kuhusu ile mulineti (kile kifaa cha kuzungushia uzi wa kuvulia) iliyoandikwa Mitchell, fimbo ya mwanzi ya vipande 3 ndani ya mfuko wa kitambaa, na kopo la vijiko vya kuvulia (chambo za chuma), vyote babu yako aliachiwa na mubelgiji aliyemfanyia kazi shambani. Naona wengi wamekujibu haraka haraka eti ni vitu vya wakoloni, usiuze chini ya dola 500. Mimi niko hapa Bukavu, Kadutu, kazi yangu ni kununua na kutengeneza vitu vya zamani, masaa, maredio, mashini za kushona, na vitu vya kuvulia vinanipitia mkononi mara kwa mara juu wapishi na madereva wa zamani waliachiwa vingi wakati wazungu wanarudi kwao. Kwa hiyo wacha nikueleze vile mimi naangalia.

Uzee peke yake haupandishi bei. Mitchell ilitengenezwa Cluses, kule Ufaransa karibu na Uswisi, na kampuni ya Carpano & Pons, na zilitoka kwa mamilioni, kampuni ya Garcia ikaziuza Marekani yote. Sasa kitu chenye kiko kwa mamilioni nani atakupa pesa nyingi? Mitchell 300 ya miaka ya 1960 yenye imetumika sana, hata ikizunguka vizuri, huko Ulaya inatoka kwa dola 20 au 30, wakati mwingine chini. Lakini usikate tamaa bado, angalia ule waya unaozunguka kukamata uzi. Kama ni waya kamili unaopita kutoka upande mmoja mpaka mwingine, ni ya baadaye. Kama ni nusu, yaani mkono mmoja tu uliopinda na upande wa pili hauna kitu, hiyo ni ya mwanzo, na kama pia imeandikwa Mitchell tu bila namba 300, hapo wenye kukusanya wanaanza kuamka. Geuza pia uone chini ya mguu, sehemu inayofungwa kwenye fimbo, kuna namba imepigwa pale, iandike. (Kwa wale wenye mulineti za kampuni ya ABU ya Sweden, namba ya mguuni inasaidia zaidi, juu kwa zile za miaka ya 1960 tarakimu 2 za kwanza ni mwaka wenyewe.)

Kisha angalia vichwa vya visi (skrubu). Mimi njo kitu naangalia cha kwanza kabisa mtu akiniletea mulineti. Kama mufereji wa visi umechanika, umekuwa mupana na unang'aa, mtu aliingia mule na turnavisi isiyo saizi yake na huwezi kujua alibadilisha nini ndani. Visi zenye mufereji safi na uchafu wa miaka mingi bado umelala ndani, hiyo ndiyo nzuri.

Na tafadhali USISUGUE. Najua mama nyumbani atataka kuipakaa majivu na ndimu kama sufuria ya shaba. Rangi ya kiwandani, hata imechakaa kidogo, ndiyo mtu analipia, na ukishaiondoa hairudi. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, basi.

Fimbo ndiyo inanipa hamu zaidi kuliko mulineti. Angalia kwanza kama mwanzi ni mzima au umepasuliwa ukaunganishwa kwa gundi, vibanzi 6, ukawa na pembe 6 ukiushika. Kama ni wa pembe 6, tafuta maandishi ya wino karibu na mkono. Ukisoma Pezon et Michel, hao walikuwa watengenezaji wa fimbo kule Amboise, Ufaransa, na fimbo zao za Parabolic walizozifanya na mtaalamu wa uvuvi Charles Ritz zinatafutwa mpaka leo. Hardy ya Alnwick, Uingereza, nayo hivyo. Sasa weka vile vipande 3 vimesimama bega kwa bega mezani. Vinapaswa kuwa na urefu sawa. Kama cha ncha ni kifupi hata kwa upana wa kidole, kilivunjika na mtu akakitengeneza, na bei inaanguka vibaya sana. Pitisha kucha kwenye maungio, juu mvua ya Bukavu inalegeza gundi ya zamani na pembe zinaanza kufunguka. Bomba za shaba zinazounganisha vipande zikikwama usivute kwa nguvu, mwanzi utapasuka.

Vijiko vya chuma havina mambo mengi. Chambo za umbo la samaki, za mbao zenye macho ya kioo, ndizo zina hadithi, kama Heddon za Marekani, na kuna samaki mmoja wa shaba wa Haskell, patenti ya 1859, aliuzwa zaidi ya dola 100,000 kwa mnada mwaka 2003. Lakini huyo ni mmoja duniani, asikupotezee usingizi.

Kitu kingine ambacho watu wa huku tunakitupa: karatasi. Kartoni ya mulineti, risiti, etiketi ya duka. Ukiona Costermansville ujue ni kabla Bukavu haijapewa jina lake katikati ya miaka ya 1950, na Élisabethville (Lubumbashi ya leo) ni kabla ya 1966. Kartoni ya asili mara nyingine inafikia bei ya mulineti yenyewe. Na kama mushikio unaonekana wa pembe ya ndovu, usijaribu kuvusha mpaka wa Rusizi kuingia Rwanda nayo, CITES (mkataba wa dunia wa biashara ya wanyama na mimea ya pori) haichezi na mambo hayo.

Kuhusu bei, watu wanakosea juu wanasoma bei inayoombwa kwenye intaneti. Mtu anaweza kuomba dola 400 miaka mitano na hakuna anayenunua. Kwenye eBay chagua vilivyouzwa tu, tafuta modeli yako kamili, hali ile ile, halafu toa gharama ya kutuma kutoka Kigali mpaka Ulaya. Fimbo ndefu ndani ya bomba inakula pesa kwelikweli, kwa mulineti ya dola 30 heri umuuzie mtu wa hapa.

Tuma picha mchana, karibu na dirisha, bila flashi: mguu wa mulineti, ule waya, visi, maandishi ya fimbo, vipande 3 vimesimama pamoja, na kopo likiwa wazi. Nikiona hivyo nitakupa namba ya kweli.