Kwa wewe unayeanza kuendesha bajaji

Kama umetokea kwenye bodaboda, anza kwa kusahau ulivyokuwa unakata kona. Pikipiki unailaza na yenyewe inakubali. Bajaji hailali, inapinduka. Tairi moja mbele, mawili nyuma: mbele imechongoka, nyuma imetanuka. Uzito ukisukumwa mbele na pembeni kwa wakati mmoja, upande ule hakuna tairi la kuupokea, na kinachousukuma mbele ni breki. Ndiyo maana mtu anaingia kona na mwendo, anashtuka, anakanyaga breki katikati, na tairi la nyuma linanyanyuka. Punguza mwendo ungali umenyooka, shusha gia hapohapo, kisha pita taratibu ukiwa umevuta mafuta kidogo. Ukiwa na abiria watatu nyuma na mzigo juu yao, punguza zaidi ya unavyodhani inatosha.

Abiria wa kukaa pembeni yako mbele, mkatae. Atakubembeleza, atasema ni hapo tu. Kiwiko chake kiko kwenye usukani wako, na uzito wake umeegemea upande usio na tairi.

Mashimo nayo yana somo lake. Gari dogo linaweza kulivuka shimo kwa kulipitisha katikati ya matairi yake, lisitikisike hata kidogo. Wewe katikati ndiko liliko tairi lako la mbele. Ukilifuata gari kwa karibu, dereva wake atapita salama na wewe utaliona shimo likiwa tayari chini yako. Acha nafasi. Wengine wataichomekea, najua, na inaudhi. Achia nafasi nyingine.

Sasa hesabu ya bosi, ile pesa ya siku unayompelekea mwenye bajaji. Hii ndiyo inayowakimbiza vijana wengi kuliko abiria mwenye haraka. Lakini angalia siku yako vizuri: muda unaopotea unapotea kijiweni ukisubiri abiria, si barabarani. Anayetanua na kuchomekea kila mahali utamkuta kwenye taa, mmesimama pamoja. Hesabu inaokolewa na wateja wanaokupigia tena wakitaka safari, na mama aliyepanda na mtoto hampigii dereva aliyemtoa roho.

Simu hiyo ya wateja nayo ina hatari zake. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa unakwenda mita 11 hivi kila sekunde. Ukitazama jina la anayepiga kwa sekunde 3, umeshapita mita 33 bila macho. Egesha ndipo upokee. Anayekuhitaji atasubiri.

Usingizi pia. Upepo unaokupiga usoni unakudanganya kwamba uko macho. Ukianza kukosa kumbukumbu ya kipande cha barabara ulichokipita, simama ulale kidogo, hesabu au si hesabu.

Mvua ikianza kudondoka baada ya kiangazi, dakika zile za mwanzo lami ina utelezi wa mafuta na vumbi. Nenda pole.

Asubuhi kabla ya abiria wa kwanza: upepo wa matairi, taa, indiketa, saiti mira. Breki usiziangalie kwa macho tu. Tafuta sehemu tupu, nenda polepole, kanyaga. Ikivuta upande mmoja, inyooshe kwa fundi siku hiyohiyo. Bosi akikuambia piga kazi kwanza, kesho tutatengeneza, mrudishie funguo.