Bibi Shamba Anajibu: Mume Anataka Kung'oa Mahindi Apande Parachichi

*Shikamoo Bibi Shamba. Tuna ekari tatu hapa Njombe na nyumbani tunakula watu sita. Mume wangu alikwenda semina, amerudi anasema mwaka huu hakuna mahindi, ekari zote tatu ni parachichi za aina ya Hass. Nikiuliza tutakula nini, ananijibu kuwa kilimo cha matunda ndio usalama wa chakula wa taifa, ndivyo walivyofundishwa. Bibi, parachichi likishapanda meli, huo usalama anabaki nao nani?* Mama wa Wanne, Njombe.

Marahaba, mwanangu. Mumeo hakudanganywa. Amerudi na nusu ya semina tu.

Nusu aliyokuja nayo ni hii: tunda ni fedha, na fedha ni chakula. Novemba 2022 nchi yetu ilitiliana saini na China ili parachichi zetu ziingie soko lile. Mzigo ukiuzwa vizuri, fedha inanunua mahindi na kulipa ada, na nchi inapata fedha za kigeni za kuagizia nafaka siku mvua ikigoma. Sina ugomvi na hilo hata kidogo.

Nusu aliyoisahau njiani ni kalenda. Mche wa Hass uliobebeshwa, yaani uliounganishwa juu ya shina la mparachichi mwingine, unaanza kukuonyesha matunda mwaka wa tatu, na mzigo wa kumwita mnunuzi ni mwaka wa nne au wa tano. Wanao wanne watakula nini hapo katikati?

Niliwahi kuwa bibi shamba Muheza, miaka ya tisini. Kulikuwa na kaya moja yenye michungwa hadi mlangoni. Mihogo yote ilishang'olewa kuipisha. Baba aliyauza machungwa yakiwa bado maua, kwa sababu ndani hapakuwa na unga na mlanguzi alikuja na noti mkononi. Yalipoiva, wenye matenga walikuja kuvuna mali yao, watoto wa nyumba ile wakawa wanaokota yaliyodondoka. Mimi nilifika na karatasi zangu za kufundisha kupogoa, nikamkuta mama anatoka dukani kukopa kilo mbili za sembe. Siku hiyo sikufundisha kitu. Nilikaa, nikanywa maji, nikaondoka.

Ndiyo maana nakwambia, hayo mahindi unayoyatetea ndiyo yatakayoiuza Hass yenu kwa bei nzuri. Tunda hili lina tabia moja ya ajabu: halilainiki mtini. Likishakomaa linaweza kuning'inia wiki kadhaa likikungoja, linaanza kuiva baada ya kuchumwa. Mwenye magunia ndani anamwambia mnunuzi "bei hiyo hapana, rudi wiki ijayo", na tunda linamvumilia. Mwenye njaa anachuma lolote, hata changa. Changa haliivi, linanyauka na kukunjamana kama ngozi ya mzee mwenzangu, linafika kwa mnunuzi likiwa halifai, na jina linaloharibika ni la parachichi ya Tanzania nzima. Kabla ya kuvuna chumeni mawili matatu, yawekeni ndani wiki moja au mbili. Yakilainika bila kukunjamana, iteni gari.

Halafu kuna magonjwa. Mnyauko wa migomba uliingia Kagera mwaka 2006, na kule ndizi ndiyo chakula chenyewe. Mtu alikuwa anafyeka mgomba huku anaangalia chakula chake cha jioni kinaanguka. Sasa mumeo anataka ekari tatu za mti wa aina moja.

Mwambie hivi, kwa upole, akiwa ameshakula. Ekari moja iwe Hass, mita saba kwa saba, miche kama 82. Miaka mitatu ya mwanzo pandeni maharage katikati ya mistari. Yanalisha nyumba na kurutubisha udongo. Viazi mviringo na nyanya msivipande humo, najua Njombe mnavipenda, lakini vinashirikiana na mparachichi ugonjwa wa mnyauko unaokaa ardhini. Ekari ya pili ibaki mahindi. Mimi huwa nahesabu gunia moja la kilo mia kwa mtu kwa mwaka, na ekari iliyotiwa mbolea inawatosha ninyi sita. Ya tatu ndiyo ya viazi vyenu na mboga. Mkiona Hass imelipa, ongezeni miche mwaka wa tano kwa fedha yake yenyewe, si kwa mkopo.

Na kama kuna mparachichi wa kienyeji nyuma ya jiko, asiuguse! Huo ndio wa kwenu. Kipande cha parachichi juu ya mchicha au karoti kina mafuta yanayousaidia mwili kuipokea vitamini A, na hicho ndicho chakula ambacho gunia la mahindi halina. Ongeza na miti miwili mitatu ya matunda damu pembeni ya nyumba, mbali na Hass kwa kuwa ni jamaa ya nyanya. Baada ya mwaka na nusu hivi watoto watakuwa wanachuma wenyewe.

*Bibi, mpapai wangu una maua mengi yananing'inia kama shanga, lakini mwaka wa pili huu hakuna papai. Niuwekee mbolea gani?* Mkulima, Kilosa.

Huo ni dume, mwanangu, mbolea haitaubadilisha. Ukate. Safari hii panda miche mitatu kwenye shimo moja. Ikichanua, bakiza mmoja wenye maua yaliyokaa karibu na shina. Dume moja kwa majike kumi linatosha, na la jirani nalo linahesabika.