Kabla hujapanda mnazi mpya, umalize kwanza ule uliokufa

Mnazi wa marehemu bibi, kwetu Mkuranga, ulipigwa radi. Makuti yakadondoka moja moja hadi ukabaki mti mtupu kama nguzo ya umeme. Tukaukata, gogo tukaliacha hapohapo likawa benchi la mapumziko, nami nikapanda mche hatua moja tu kutoka kwenye kisiki. Nilitaka watu waendelee kusema "pale mnazini kwa bibi". Shimo nikalijaza samadi mbichi, kwa mapenzi.

Mwaka wa kwanza mche ulinawiri. Wa pili, kuti jipya likachanua likiwa limekatika huku na huku, kama karatasi iliyokunjwa ikapigwa mkasi. Nikagombeza watoto bure. Kuti lililofuata likaja vilevile, na kwenye shingo ya mche nikaona tundu linalotoa machicha, utadhani kuna mtu anakuna nazi humo ndani.

Nikamwita jirani yetu, mgema wa siku nyingi. Mche hata hakuugusa. Alikwenda kwenye benchi letu, akaomba shoka. Gogo lilipopasuka, wakamwagika funza weupe, wanene kama kidole gumba, wamejikunja. Samadi nayo ilikuwa na wao.

"Watoto wa chonga hao, mwanangu. Umewajengea nyumba na chakula ukawapandia mlangoni."

Chonga ni yule mdudu mweusi mwenye pembe. Hutaga kwenye magogo yanayooza na kwenye marundo ya samadi. Akishakua huruka usiku na kutoboa shaha, yaani moyo wa mnazi. Mnazi mkubwa huweza kustahimili, lakini mche ukiliwa shaha ndiyo basi, hauna tawi la pili la kuchipulia. Wangu ulikufa.

Mara ya pili nilianza na maiti. Gogo tulilipasua vipande, tukavikausha na kuvichoma. Kisiki tulikichimbua, kazi ya siku mbili na lawama nyingi. Mizizi midogo niliiacha iozee ardhini, hiyo haikunisumbua. Shimo jipya nilichimba hatua nne pembeni (bibi atanisamehe), nikatia samadi iliyooza ikawa kama udongo, nikapanda masika yalipoanza. Kama una minazi mingine, acha mita 9 hivi katikati. Nazi ya mbegu nilichukua kwenye mnazi unaozaa sana. Iwe imekomaa, ukiitikisa maji yacheze.

Huu sasa una miaka minne. Mnazi mrefu wa kwetu huzaa ukifika sita au zaidi, kwa hiyo bado nanunua nazi sokoni kama wewe. Kila Jumamosi naukagua na waya uliopindwa ncha kama ndoana. Nikiona machicha, nauingiza tunduni polepole mpaka unase, kisha navuta. Juzi nimetoa mmoja, bado anapiga miguu. Kuku wameshajifunza: wakiniona na ule waya, wananifuata.