Mdogo wako wa Newala: na mimi nilirudi toka Dar nikiwa hivyo hivyo

Mkuu, umesema mdogo wako karudi toka Dar tangu mwezi wa sita, hali chakula, halali usiku, kajifungia ndani, na wazee wanasema kachezewa, yaani karogwa. Nimesoma mara mbili maana hiyo hali nimeipitia.

Mi niliondoka Tandahimba 2019. Ule msimu wa 2018 ulituvuruga wengi, serikali ilichukua korosho kwa 3,300 kilo ila hela zikachelewa, nyumbani kuna deni la salfa, ile dawa ya mikorosho, nkapanda basi hadi Mbagala. Chumba kimoja watu wanne, alfajiri Kariakoo kupanga viatu vya mtumba. Sa shida zenyewe nilizimudu, kilichonimaliza ni simu. Mama akipiga namwambia kazi inaenda vizuri, na siku hiyo sijauza hata pea moja, halafu nakopa elfu 20 nimtumie maana kijiji kizima kinajua ana mtoto Dar. Miaka miwili hivyo hivyo. Ikafika hatua simu ikiita tu moyo unaenda mbio, jasho linatoka, nkawa nazima. Kila siku saa nane usiku nishaamka, silali tena.

Nikarudi, na kurudi ndo kulikuwa kubaya zaidi. Unashuka kwenye basi na begi lile lile uliloondoka nalo, wenzako ulioingia nao jando wameezeka bati, kila anayekuja kukusalimia anataka kujua umekuja na nini. Nkaacha kutoka. Mama akanipikia ming'oko, vile viazi vya porini ninavyovipenda toka mtoto, sikusikia ladha yoyote.

Kwa mganga nilipelekwa, nkachanjwa, miezi mitatu ikapita bila nafuu. Shangazi ndo alinibeba hadi hospitali. Kwenye foleni nlikaa na mama mmoja Mmakonde wa ng'ambo, kavuka Ruvuma kukimbia vita ya Cabo Delgado kule Msumbiji iliyoanza 2017, naye usingizi umekata, naye kwao walimwambia ni jini. Shirika la Afya Duniani (WHO) wenyewe wanasema kwenye maeneo ya vita mtu 1 kati ya 5 ana tatizo la afya ya akili, kwaiyo majini gani hayo yatosheleze watu wote hao?

Daktari akaniuliza nalala vipi, hali imezidi wiki mbili?, nishawahi kuwaza kufa? Hakuna mtu alikuwa ameniuliza hayo. Nililia pale pale. Akasema ni sonona, yaani depression. Dawa mwanzoni zilinikausha mdomo tu, nkaona bora niache, ila kwenye wiki ya nne hivi ndo nikalala hadi kunakucha. Kwaiyo akianza asikatishe bila kumwambia daktari.

Wewe mpeleke wiki hii mkuu, usisubiri hela ya msimu. Akisema anatamani kufa au hana faida duniani msimwache peke yake hata usiku mmoja, na dawa za mikorosho zifungieni stoo, funguo kaa nayo wewe. Wazee waambie wasimuulize Dar kulikuwaje wala anarudi lini. Kama ana madeni huko we ndo uongee na wanaomdai, simu yake aiweke pembeni kwanza.

Akianza kupata nguvu nenda nae shamba asubuhi kabla jua halijawa kali, mwokote mabibo wote wawili, hata msipoongea. Mi kaka yangu alifanya hivyo karibu mwezi mzima, siku moja nkajikuta namsimulia kila kitu.