Usichape "walisilimu" kwenye kijitabu cha usharika

Lifute neno hilo leo, kabla kazi haijafika kwa mpiga chapa. Unasema unaandaa historia ya usharika wenu wa Rungwe, unataka kuandika kwamba wazee wa kwanza "walisilimu" baada ya wamisionari wa Moravian kufika mwaka 1891, na unauliza asili ya neno hilo. Kusilimu ni kuingia katika Uislamu, basi. Limetokana na Kiarabu, aslama, yaani kujisalimisha, na mzizi wake ndio uliozaa Uislamu, salama na salamu. Kwa hiyo kijitabu chako kitatangaza kwamba Wamoravian walivuka bahari kuja kuwasilimisha Wanyakyusa.

Nacheka, lakini kicheko changu nimekilipia. Nilipokuwa na kibanda cha steshenari Mwanjelwa, mjini Mbeya, binamu yangu alikuwa anaolewa na kijana Mwislamu, naye alikwisha kusilimu kwa hiari yake, na familia ikataka jambo hilo litajwe kwa heshima kwenye kadi. Niliona "kusilimu" ni neno la kila siku mno, nikamwuliza jamaa mmoja aliyejiita mfasiri, mwenye kalamu tatu mfukoni, naye akanijibu bila kupepesa macho kwamba neno la kisomi la kubadili dini ni "kuritadi". Nikachapa kadi 250 zenye maua ya dhahabu: "baada ya bibi harusi kuritadi".

Kadi ya kwanza ilikwenda kwa shekhe ambaye angefungisha ndoa. Aliishika mbali na macho, akaweka kidole juu ya neno lile, akalisoma mara mbili, kisha akaniuliza kwa upole ulioniumiza kuliko matusi: "Mwanangu, hapa mmeandika kwamba binti ameuacha Uislamu. Sasa mnataka nifungishe ndoa gani?" Kuritadi, nalo la Kiarabu, irtadda, ni kurudi nyuma, yaani kuikana dini uliyokuwa nayo, na kwa Mwislamu hakuna neno zito kama hilo. Nilichapa upya kadi zote kwa fedha yangu, shangazi hakunisemesha hadi siku ya harusi, na yule mfasiri nilipomfuata alisema kamusi ndiyo iliyokosea. Kamusi haikukosea hata kidogo: imeandika kuacha dini, yeye akaliona "dini" na kuliruka "kuacha". Utetezi wangu mimi ni kwamba sisi tuliokulia kwenye baridi ya milima ya Uporoto Kiarabu tulikisikia redioni tu.

Tangu siku ile, neno la dini namwuliza mwenye dini, tena kabla wino haujamwagika. Wewe andika "waliongoka". Hilo ni la Kibantu, kutoka kuongoa, yaani kumwelekeza mtu njia iliyonyooka, na ni ndugu wa kuongoza. Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 inawataja "waongofu" katika Matendo 2, na Waislamu nao humwomba Mungu awaongoe, hivyo halitamkwaza yeyote.

Jioni hii mpelekee mzee wa kanisa ukurasa huo, umsomee kwa sauti. Usimwachie asome peke yake, kwa maana wazee wetu wakiona maandishi yamepigwa chapa huyaheshimu na kunyamaza. Ukitoka hapo, pitia kwa jirani Mwislamu umsomee na yeye.